Kasi ya basi la I2C kati ya bodi mbili: mezani 400 kHz inakimbia, shambani hata 100 kHz inaganda

#1 hoho_tengeru
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, hili jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Nina banda la pilipili hoho hapa Tengeru na nimejitengenezea mfumo wa kumwagilia. Bodi ya kwanza ni Arduino Uno (bodi ndogo ya kuprogramu), ipo kwenye boksi ukutani stoo, ndiyo masta, inayoamuru. Ya pili ni Nano, iko katikati ya banda, inasoma sensa nne za unyevu wa udongo, ndiyo slevu, inayojibu. Zinaongea kwa I2C, njia ya chipu kuongea kwa nyaya mbili: A4 kwa A4 (waya wa data, SDA), A5 kwa A5 (waya wa kloki, yaani mapigo ya kasi, SCL), na negativu ya pamoja. Kati yao kuna kama mita 4 za waya wa mtandao, ule wa Cat5e. Masta inaomba data kila sekunde, ikiona udongo umekauka inawasha rilei ya pampu. Ratiba ya pampu inaanza saa 11 alfajiri.

Mezani, kwa waya za jampa za sentimita 20, niliziendesha kwa 400 kHz siku mbili mfululizo bila kosa hata moja. Nilipofunga shambani, 400 kHz haikuongea kabisa. Nikashusha hadi 100 kHz, ikaongea lakini inaganda, na mara nyingi naikuta imeganda asubuhi. Nikaenda 50 kHz, inakaa siku mbili tatu halafu yale yale. Ikiganda, masta yote inasimama, hata saa kwenye kioo haitembei, mpaka nichomoe umeme.

Juzi iliganda pampu ikiwa imewashwa. Nimekuta matuta mawili yanaelea.

Maswali yangu: kasi sahihi ya kloki kati ya bodi mbili ni ngapi? Na je, setClock (amri ya kuweka kasi) naiandika kwenye bodi zote mbili ziwe sawa, au moja tu?

#2 kifodi_sakina
Nimeona "kasi ya basi" nikajua tunazungumzia tochi za trafiki barabara ya Moshi, nimekuja mbio. Kumbe ni basi la aina nyingine. Nakaa siti ya nyuma nisome. Pole kwa matuta mkuu.

#3 risasi_na_bati
Pole sana. Naanza na swali la pili maana ni jepesi. Kwenye I2C kloki inapigwa na masta peke yake. Slevu inafuata mapigo inayopewa, kwa hiyo setClock uliyoiandika kwenye Nano haifanyi kitu, ifute. Wengi wanachanganya na UART, njia nyingine ya bodi kuongea, ile ya TX na RX. Kule hakuna waya wa kloki, kila upande unahesabu muda wake wenyewe, ndiyo maana lazima zote ziwe 9600 au zote 115200, na zikipishana zaidi ya asilimia 2 hivi unaanza kupokea takataka.

Swali la kwanza nawaachia wengine kwanza, ila nakuuliza: rezista za pulapu (zinazouvuta waya juu kwenye positivu) umeweka za ngapi?

#4 chalii_wa_njiro
Mwisho wa I2C ni 400 kHz, juu ya hapo unahamia njia nyingine, SPI. Na ukiwa na waya mrefu dawa ni kushuka tu. Shuka mpaka 10 kHz, andika Wire.setClock(10000), umemaliza kesi. Sensa ya udongo haina haraka.

#5 mwl_mstaafu_moshi
Nawasalimu wote. Kijana wa Njiro, hapo kuna mambo mawili ya kurekebisha.

Moja, 400 siyo mwisho. Philips walipoitoa I2C mwaka 1982 ilikuwa 100 kHz. Mwaka 1992 ikaongezwa 400 kHz, mwaka 1998 ikaongezwa ya 3.4 MHz, na baadaye ipo pia ya 1 MHz. Kwamba chipu yako ya Uno haifiki huko, hilo ni suala la chipu. SPI ni ukoo mwingine kabisa, ilitoka Motorola. Kule masta na slevu zinausukuma waya juu na chini kwa nguvu zao, ndiyo maana inakimbia kwa megahezi.

Pili, na hili ndilo kubwa. Kwenye I2C hakuna bodi inayousukuma waya juu. Bodi inajua kuushusha tu. Anayeupandisha ni rezista. Chukulia waya ni tangi na rezista ni bomba linalolijaza: waya ukirefuka, tangi limekuwa kubwa, rezista ikiwa kubwa, bomba limekuwa jembamba. Kloki ikipiga kabla tangi halijajaa, upande wa pili hauoni 1, unaona kitu cha katikati.

Twende kwenye hesabu, maana bila hesabu tutabishana mpaka kesho. Ukubwa wa tangi tunaupima kwa pikofaradi: Cat5e ina kama pikofaradi 50 kwa mita. Mita 4 ni 200. Ongeza pini za bodi na vinginevyo, tuseme 250. Kama hoho_tengeru hakuweka rezista za nje, anategemea zile za ndani ya chipu ambazo ni kati ya 20k na 50k (k ni omu elfu moja). Bodi mbili, mbili sambamba, tuseme 17k. Muda wa kupanda ni 0.85 mara R (rezista) mara C (pikofaradi): unapata mikrosekunde 3.6 hivi. Kanuni ya 100 kHz inaruhusu mikrosekunde 1. Ya 400 kHz inaruhusu 0.3 tu. Sasa angalia: pigo zima la 400 kHz ni mikrosekunde 2.5. Waya wako haujamaliza kupanda na pigo limeshapita. Mezani waya ulikuwa na pikofaradi 30 hivi, ukapanda ndani ya 0.45, ikaonekana inafanya kazi. Hata pale ilikuwa nje ya kanuni.

Kwa hiyo mwanangu usiulize kasi kwanza. Pima waya, chagua rezista, ndipo kasi itajipanga.

#6 hoho_tengeru
Shikamoo mwalimu. Sikuweka rezista yoyote. Mezani ilifanya kazi, nikaona hazina ulazima. Nakwenda kutafuta 4.7k kesho maduka ya karibu na stendi.

#7 mwl_mstaafu_moshi
Marahaba. 4.7k kwa pikofaradi 250 inakupa mikrosekunde 1 kamili, uko ukingoni. Chukua 2.2k, inakupa 0.47. Usishuke chini ya 1.5k kwa volti 5, kwa sababu kanuni inaitaka bodi imeze miliampea 3 na waya ushuke hadi volti 0.4. Na hapo utaona mwenyewe kwamba 400 kHz kwa waya huo haiwezekani: ingehitaji rezista ya 1.4k, ambayo tayari imevuka mpaka.

#8 risasi_na_bati
Kumjibu chalii wa #4, tafadhali mtu asiandike setClock(10000) kwenye Uno. Laibrari ya Wire inapiga hesabu ya kujaza rejista (kisanduku cha namba ndani ya chipu) inayoitwa TWBR: 16,000,000 gawa kwa kasi, toa 16, gawa kwa 2. Kwa 10,000 jibu ni 792. Rejista ni ya biti 8, mwisho wake 255. Kinachobaki ndani ni 24, na 24 maana yake ni 250 kHz. Umeomba kobe ukapewa sungura, na hakuna onyo lolote. Kwa Uno ya 16 MHz usishuke chini ya 31 kHz.

#9 chalii_wa_njiro
Hii ya #8 sikuijua kabisa. Nimeenda kupima sasa hivi, ni 250 kweli. Asante, mimi mwenyewe nina mradi umekaa hivyo tangu mwaka jana.

#10 maabara_dada
Habari. Mimi nasoma elektroniki hapa Arusha. Naongeza kitu ambacho kilinitesa kwenye mradi wangu.

Si masta na slevu tu zinazokaa kwenye basi. Hoho ametaja kioo chenye saa. Kama kioo ni kile cha herufi 16 chenye kibodi (bodi ndogo) cha nyuma cha PCF8574, chipu ile mwisho wake ni 100 kHz. Na kama saa ni DS1307, nayo ni 100. DS3231 ndiyo inakubali 400. Kwenye basi moja kasi inapangwa na aliye mzito kuliko wote, kama kupanda Kibosho mkiwa na bibi, wote mnatembea mwendo wa bibi. Mimi niliweka 400 kwa ajili ya sensa ya mwendo, kioo kikawa kinaandika Kichina, nikabadilisha kioo mara mbili bure.

Na vibodi hivyo vingi vinakuja na rezista zake tayari. Ukiunganisha vitano vyenye 4.7k kila kimoja, umeshuka chini ya 1k bila kujua. Kwa hiyo kabla hujaongeza 2.2k, zima umeme, pima kwa mita kati ya SDA na positivu uone tayari kuna ngapi.

#11 fundi_pampu_usariver
Nawaheshimu wenye hesabu, ila mimi nasema mnazunguka mbuyu. Mtu amesema anaikuta imeganda asubuhi. Pampu inawaka saa 11 alfajiri. Hamuoni?

Nimefunga pampu za visima miaka mingi, kuanzia Usa River mpaka Kikatiti. Mota ikiwaka na ikizima, rilei inapiga cheche, na cheche ile inaingia kwenye kila waya ulio karibu. Nina mteja mmoja wa mabanda ya kuku, bodi zake ziliganda kila pampu ilipozima (siyo ilipowaka, ilipozima). Waya wa data alikuwa ameufunga kwa kamba za plastiki pamoja na waya wa pampu, mita kama 3 zimelala pamoja. Tukautenganisha, tukaupitisha ukuta wa pili, tukaweka kifaa cha kuzima cheche kwenye rilei. Ikatulia. Hatukugusa kloki, hatukugusa rezista.

Hoho, waya wako umepita wapi?

#12 kifodi_sakina
Fundi pampu, hata mtu akileta uzi wa mapenzi wewe utasema ni pampu.

#13 fundi_pampu_usariver
Na mara nyingi ni pampu kweli.

#14 hoho_tengeru
Fundi, nimeenda kuangalia na tochi usiku huu. Waya wa data na wa pampu vimepita kwenye bomba moja la plastiki kutoka stoo mpaka mlango wa banda. Kama mita 2.

Dada, kioo ni cha PCF8574 kweli na saa ni DS3231. Nimepima kama ulivyoelekeza: inasoma 2.6k. Kwa hiyo kumbe zipo rezista tayari?

#15 maabara_dada
Zipo. Za kibodi cha kioo na za kibodi cha saa zikiwa sambamba zinaweza kukupa hapo. Kwa hiyo hesabu ya mwalimu ya 17k haikuhusu wewe, ina maana waya wako unapanda kwa kama mikrosekunde 0.55, na kwa 100 kHz uko ndani ya kanuni. 400 kukataa ni sawa, kioo na waya vyote vinakataa. Ila kuganda kwa 50 kHz sasa hakuna maelezo ya rezista.

Swali moja: mezani ulipopima 400, kioo kilikuwepo?

#16 hoho_tengeru
Hapana. Mezani zilikuwa Uno na Nano tu.

#17 mwl_mstaafu_moshi
Binti amenisahihisha vizuri na nakubali. Nilijenga hesabu juu ya dhana. Hesabu inabaki sawa, namba ya kuingiza ndiyo ilikuwa ya kubuni.

#18 kuku_bomang'ombe
Naleta kisa changu labda kitasaidia. Mimi nina mashine ya kuangulia vifaranga, slevu ilikuwa chipu ya ATmega328P nimeichomea mwenyewe kwenye bati, bila bodi. Masta kwa 100 kHz ilipata data mara moja moja, kwa 50 kHz ikawa safi kabisa. Nilihangaika na waya mwezi mzima. Kumbe chipu mpya ikitoka kiwandani inatembea kwa 1 MHz, siyo 16: ina 8 MHz ya ndani iliyogawanywa kwa 8. Na kitabu chake kinasema slevu lazima itembee angalau mara 16 ya kloki ya basi. 1 MHz gawa kwa 16 ni 62.5 kHz. Ndiyo maana 50 ilipita na 100 ikakwama. Waya haukuwa na kosa lolote.

Hoho, hebu pakia ile programu ya kuwasha na kuzima taa kwa sekunde moja kwenye Nano, utazame na saa ya mkononi. Ikichelewa, umeipata.

#19 hoho_tengeru
Nimejaribu, sekunde ni sekunde. Hesabu 60 nimepata dakika moja. Nano iko 16 MHz.

Naweka hapa sehemu ya programu ya slevu: kwenye onRequest (kazi inayoitwa masta ikiomba data) nasoma sensa nne kwa analogRead, halafu Serial.println kila moja nipate kuona kwenye kompyuta, halafu Wire.write.

#20 risasi_na_bati
Hapo! Hapo kabisa! Kazi ya onRequest inaendeshwa ndani ya intarapti, yaani kazi ya dharura inayosimamisha nyingine. Serial kwa 9600 inachukua kama milisekunde 1 kwa kila herufi, na ukiwa ndani ya intarapti ile foleni yake haisogei yenyewe. Muda wote huo slevu imeishika SCL chini na masta inasubiri. Soma sensa kwenye loop, weka kwenye vigezo, onRequest ibaki na Wire.write peke yake. Na mtu asije akaweka delay ndani yake, hiyo haitoki kamwe kwa sababu saa ya ndani imesimama.

#21 maabara_dada
Nakubali ni uandishi mbaya, ila je, unaeleza kuganda? Slevu kuishika SCL chini ni haki yake, masta ya Uno inangoja mpaka iachiwe. Itachelewa, haitaganda milele. Ingekuwa ndiyo sababu, ingeganda mezani pia, na mezani alikimbiza siku mbili kwa programu hiyo hiyo.

#22 risasi_na_bati
Mezani hakukuwa na kioo wala saa kwenye basi moja. Ila nakubali, sina uhakika wa asilimia mia.

#23 kahawa_kibosho
Mimi ni mkulima tu, nimejifunza hivi vitu kwa ajili ya vitanda vya kukaushia kahawa. Mnasema asubuhi, pampu, pampu. Asubuhi kuna kitu kingine: umande. Banda la plastiki saa 11 alfajiri linatiririka maji kwa ndani. Boksi langu la kwanza nilikuta matone yamekaa juu ya pini za Nano kabisa. Nilitoboa tundu dogo chini, nikapaka vanishi kwenye bodi, ikakata. Msimu huu wa baridi wa Juni na Julai ndio mbaya zaidi.

#24 chalii_wa_njiro
Na baridi yenyewe je? Kristali ya kloki ikipoa si inabadilisha kasi?

#25 mwl_mstaafu_moshi
Inabadilika kwa sehemu chache katika milioni. Hata ile ya kauri iliyoko kwenye Uno, ambayo inaweza kukosea nusu asilimia, I2C haijali, kwa sababu slevu inafuata kloki ya masta na siyo saa ya ukutani. Umande ni jambo la kweli, baridi ya Arusha siyo.

#26 waya_mrefu
Mimi siwaelewi. Kwa nini tunahangaika kuitibu I2C wakati hii siyo kazi yake? Ilibuniwa chipu ziongee ndani ya kifaa kimoja, kama televisheni. Nunueni vibodi viwili vya MAX485 (chipu ya RS-485, njia ya kuongea kwa waya mrefu), wekeni rezista ya 120 kila mwisho, pitisheni kwenye jozi moja iliyosokotwa. RS-485 inaenda mita 1,200 kwa 10 Mbps na haijali pampu.

#27 mwl_mstaafu_moshi
Mita 1,200 ni kwa kama kilobiti 100 kwa sekunde. Megabiti 10 ni kwa mita chache tu. Kanuni ni ile ile kila mahali: ukirefusha waya unapunguza kasi. Hata CAN ya kwenye magari, 1 Mbps ni mita 40, ukitaka mita 500 unashuka hadi 125 kbps. Ila ushauri wenyewe ni mzuri.

#28 waya_mrefu
Nimepokea mwalimu. Kwa mita 4 na 9600 bado nasema RS-485.

#29 fundi_pampu_usariver
Tuache nadharia kidogo. Mimi kinachonitisha ni matuta mawili yaliyoelea. Kesho tangi zima litaisha, au kisima kikikauka mota itaungua. Hoho, kabla ya kloki, weka kipima muda cha kawaida kwenye waya wa pampu, dakika 20 kikate hata bodi ikifa. Na boya kwenye tangi. Pampu isikae mikononi mwa programu peke yake. Hili nimelisema kwa wateja wangu wote.

#30 risasi_na_bati
Naunga mkono. Na kwenye programu kuna Wire.setWireTimeout (kikomo cha muda wa kusubiri jibu), ambayo isipoandikwa haifanyi kazi. Bila hiyo, Wire ya Uno ikikosa jibu inazunguka pale pale milele, ndiyo maana kila kitu kinasimama mpaka uchomoe. Weka mikrosekunde 25,000 na true, na baada ya hapo angalia kama data imekuja kamili. Isipokuja mara tatu, zima rilei.

#31 mama_hoho_sakina
Samahani kuingilia. Kaka wa Tengeru, hizo hoho ni nyekundu au za kijani? Nachukua kwa ajili ya hoteli, Jumamosi huwa niko soko la Tengeru mapema.

#32 hoho_tengeru
Za rangi zote tatu mama, nitakutumia ujumbe pembeni.

Wakuu, kazi za wikiendi: nimetoa waya wa data kwenye bomba la pampu, sasa umepita juu. Nimetoa Serial kwenye onRequest. Nimeweka timeout. Nimeweka kipima muda kwenye pampu. Nimegundua pia nilitumia jozi moja ya kahawia kwa SDA na SCL pamoja. Je, ina shida?

#33 maabara_dada
Ina shida! Jozi imesokotwa ili nyaya mbili zishikane, sasa wewe umeshikanisha kloki na data, kila SCL inapopiga inamgusa SDA. SDA isokotwe na negativu, SCL isokotwe na negativu nyingine. Ukirekebisha hilo unaweza kuona tofauti kuliko kushusha kasi.

Na kasi usishuke tena, baki 100. Kila baiti ni mapigo 9, yaani mikrosekunde 90. Sensa nne za baiti mbili mbili pamoja na anwani ni chini ya milisekunde 1. Unauliza mara moja kwa sekunde. Hata 400 ungeipata ungefanyia nini?

#34 hoho_tengeru
Siku ya tano leo. 100 kHz. Haijaganda hata mara moja.

#35 fundi_pampu_usariver
Bomba la pampu lile. Mlibisha.

#36 maabara_dada
Fundi, amebadilisha vitu vitano kwa mpigo, ukihesabu na jozi. Mimi nasema ni jozi ya kahawia.

#37 risasi_na_bati
Na mimi nasema ni Serial ndani ya intarapti. Ukitaka kujua rudisha kimoja kimoja.

#38 kahawa_kibosho
Na umande wa wiki hii ulikuwa mdogo, kulikuwa na mawingu usiku. Msinisahau.

#39 hoho_tengeru
Siwezi kurudisha waya kwenye bomba la pampu ili mjue nani mshindi, hoho zangu ziko kwenye maua.

#40 hoho_tengeru
Wakuu. Siku ya tisa, leo saa 11 na robo alfajiri, imegoma tena. Safari hii masta haikuganda, timeout imeikamata, pampu ikazimwa yenyewe, nashukuru sana kwa hilo. Lakini kila ikijaribu kuuliza inapata makosa. Sikuchomoa umeme. Nimepima kwa mita: SCL ina volti 4.9, SDA ina 0.1. Imekaa hivyo, haibadiliki.

#41 maabara_dada
Usichomoe! Hiyo ni taarifa nzuri kuliko zote tulizopata. SDA chini na SCL juu maana yake kuna mmoja anayeishika SDA. Kuna pigo la kloki lilipotea au liliongezeka, slevu ikabaki katikati ya baiti, inasubiri mapigo yaliyobaki ambayo hayaji. Kanuni yenyewe ya I2C inasema masta ipige kloki 9 peke yake, slevu itamaliza baiti yake na kuachia.

#42 risasi_na_bati
Kwenye Uno: Wire.end, A5 ishushe na kuiachia mara 9 kwa mkono kupitia pinMode, halafu Wire.begin tena. Usiisukume juu kwa digitalWrite, iachie ipandishwe na rezista.

#43 fundi_pampu_usariver
Pigo lililoongezeka limetoka wapi kama si kwenye mota? Saa 11 na robo pampu ilikuwa inafanya nini?

#44 hoho_tengeru
Ilikuwa imezima dakika hiyo hiyo, matuta yalishashiba. Lakini fundi, na plastiki ilikuwa inadondosha maji, nimelowa mgongo.

#45 mwl_mstaafu_moshi
Kabla hujapiga hizo 9, chomoa slevu moja moja kutoka kwenye basi, anza na kioo, halafu saa, Nano mwisho, huku mita ikiwa kwenye SDA. Utamjua anayeishika. Sisi wote tumeituhumu Nano tangu mwanzo na hakuna aliyeiuliza saa wala kioo.

#46 hoho_tengeru
Nashuka bandani sasa hivi mwalimu. Mita ninayo mkononi.